Muulize Mwalimu: Fundi viatu aliyezikwa kwa gwaride

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ni askari gani wa vita vya 1812, kati ya Marekani na Uingereza, aliyekuwa wa mwisho kufariki?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Ni Hiram Cronk, mzaliwa wa Frankfort, jimbo la New York, mwaka 1800. Aliingia jeshini 1814 pamoja na baba yake, akalinda bandari ya Sackets Harbor, jimboni humo. Vita vilipokwisha akarudi shamba: kulima na kushona viatu, hadi alipofariki huko Ava, Mei 13, 1905, akiwa na miaka 105. Pensheni alilipwa, lakini shangwe zilimngoja afe kwanza (mimi hilo linaniudhi). Jeneza lilipelekwa jijini New York, likawekwa City Hall (ukumbi wa serikali ya jiji) watu wamuage, kisha gwaride likamsindikiza makaburini Cypress Hills, Brooklyn. Msafara ulipigwa hata picha za sinema.