Kanzu ya mzee: kwa wauguzi wapya wa kliniki ya saratani

Mzee mmoja alikuja kuchomwa sindano yake ya tezi dume, pindo la kanzu kalikunja mkononi. Fundi kamharibia, akalalamika, kanzu inaburuza. Tukacheka naye. Aliporudi mara nyingine kanzu imeshapunguzwa, ila sasa mgongo unamuuma, na hapo ndipo nilipozinduka: kanzu hairefuki. Tukampima. Alikuwa amepungua sentimita 5 kutoka urefu wa siku yake ya kwanza kwenye faili. Picha ikaonyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Karibu miaka mitatu tulikuwa tunamuuliza habari za mkojo tu.

Wadogo zangu, mgonjwa hatawaambia kwamba mifupa yake inapungua, kwa sababu hauumi mfupa mpaka uvunjike. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya wakati wote, na homoni ya estrojeni ndiyo inayowashika mkono wabomoaji, hata kwa wanaume. Sindano za goserelini anazochomwa mwenye saratani ya tezi dume huzima testosteroni, homoni ya kiume, ambayo mwili wa mwanamume huitumia kutengenezea estrojeni. Letrozoli na anastrozoli, vidonge vya saratani ya matiti, humwondolea mama aliyekoma hedhi hata ile kidogo iliyobaki, naye humeza vidonge hivyo miaka 5 au zaidi. Akiongezewa predinisoloni, dawa ya steroidi, mambo huharibika haraka.

Basi siku ya kwanza kabisa pimeni urefu, bila viatu, bila kilemba. Ulizeni kama amewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, kama mzazi wake alivunjika nyonga, kama anavuta sigara. Penye mashine ya kupima uzito wa mifupa, alama ya −2.5 au chini yake ni mifupa iliyokwisha kudhoofika. Pasipo na mashine, msikae mkiisubiri.

Kwenye chakula, nawaomba mwache kumsifia kila mtu mchicha. Una kalisiamu, ni kweli, lakini nyingi imefungwa humo humo na mwili hauipati. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, maziwa na mtindi ndivyo vya kutaja.

Dawa ndiyo inayohitaji maneno mengi. Asidi ya zoledroni, ya kuzuia mifupa isibomolewe, miligramu 4 kila miezi 6, ni dripu isiyopungua dakika 15. Msiitundike kabla ya kuona majibu ya figo na kalisiamu, na kabla ya kumfunua mgonjwa mdomo. Jino bovu ling'olewe kwanza, kidonda kipone. Likija kung'olewa baadaye, taya huweza kukataa kupona. Tena mwambieni mapema kwamba usiku ule au kesho yake anaweza kupata homa na kuumwa viungo, na parasetamoli itamsaidia. Msipomwambia, atajihesabia ana malaria, atanunua dawa dukani, na dripu ya pili hamtamwona.

Denosumabu, dawa nyingine ya kulinda mifupa, huchomwa chini ya ngozi, nayo kila miezi 6, lakini haisamehe anayechelewa. Ikikatwa ghafla bila dawa nyingine kushika nafasi yake, pingili huweza kuvunjika moja baada ya nyingine. Kwa hiyo suala la pesa ya sindano ya pili lizungumzwe kabla ya kuchoma ya kwanza.

Ulizeni pia choo kiko wapi. Wazee hawa huamka usiku mara tatu, nne, wanavuka ua gizani na kandambili zilizolika.

Na mgongo ulioanza kuuma karibuni, huku miguu ikiwa mizito au mkojo hauzuiliki, msiuweke kwenye hesabu ya mifupa dhaifu. Huenda saratani inabana uti wa mgongo. Daktari amwone saa ile ile.

Mzee wetu siku hizi akifika huenda moja kwa moja ukutani penye futi, anavua kofia na viatu bila kuambiwa. Urefu umesimama palepale. Fundi bado hajaombwa radhi.