Mwalimu Anajibu: Mtoto wa bwana aliyeshindwa

SWALI: Jambo Mwalimu. Hapa Kadutu tumebishana juu ya mabalozi wa Japani wa miaka ya kati ya vita viwili vya dunia. Rafiki yangu anasema walipewa kazi kwa ukoo tu, kama mtoto wa mwami anavyorithi kiti. Ni kweli? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Mwanangu, mwambie amtazame Matsudaira Tsuneo. Miaka yote niliyofundisha historia, huyu ndiye niliyempenda kuliko wenzake, na sababu ni baba yake. Katamori, bwana wa jimbo la Aizu, mwaka 1868 alipigana upande wa shogun, mtawala wa kijeshi, dhidi ya watu wa Mfalme. Ngome yake ikazingirwa mwezi mzima mpaka akasalimu amri, akaitwa adui wa Mfalme. Tsuneo alizaliwa 1877, ardhi na jeshi vimekwisha kwenda. Angerithi kiti gani? Alisoma sheria Tokyo, akaingia wizara ya mambo ya nje, akapanda ngazi kwa ngazi hadi ubalozi wa Washington.

Hata cheo cha ukabaila hakuwa nacho yeye mwenyewe. Binti yake Setsuko alipoposwa na Chichibu, mdogo wake Mfalme, ilibidi kwanza aandikwe mtoto wa baba yake mdogo, Morio, aliyekuwa na cheo cha vikonti. Ndoa ikafungwa Septemba 1928.

Lakini kazi yake hasa itazame London, 1930, kwenye mkutano wa kupunguza manowari. Japani ilitaka asilimia 70 ya manowari nzito za Marekani. Marekani ikashikilia 60. Mambo yakakwama. Matsudaira akakaa na David Reed, seneta wa Pennsylvania, wakapiga hesabu wawili. Darasani niliiandika kwa chaki: Marekani tani 180,000, Japani 108,400. Hiyo ni 60 tu. Kisha nilifuta tani 30,000 kwa kiganja, maana Marekani ilikubali kuchelewesha manowari 3 za mwisho. Zikabaki 150,000, na wanafunzi wakaona wenyewe: Japani imepita 70 mpaka 1936, mwaka wa kuisha mkataba! Nyambizi zikawa sawa kwa sawa, tani 52,700. Sahihi ziliwekwa tarehe 22 Aprili.

Kwao wanajeshi wengi wa majini walikasirika, na Novemba Waziri Mkuu Hamaguchi akapigwa risasi kwenye stesheni ya Tokyo. Jambo hilo huniuma hadi leo. Matsudaira alibaki balozi London miaka kadhaa, na mwaka 1936 Mfalme akamwita awe waziri wa nyumba yake, yeye mtoto wa Katamori.