Kiingereza cha wanunuzi wa korosho: jua mchezo kwanza

Wadau wa Mtwara na Lindi, msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi imeili na simu za wanunuzi zinaanza kumiminika, na vijana wengi wenye Kiingereza kizuri tu wanakwama kwenye misemo ya michezo. Mtu anafungua kamusi anatafuta neno mojamoja, maneno yote anayajua lakini sentensi haimwingii. Mi kazi yangu ndo hiyo ya kuandikiana na wanunuzi na ushauri wangu ni huu: acha kukariri, uliza msemo umetoka mchezo gani af ujue huo mchezo unachezwaje, hata kwa dakika tano za YouTube.

Anza na tunayoijua. "Move the goalposts" mtoto wa Shangani hahitaji kamusi, jioni pale ufukweni wanapiga chandimu goli ni mawe mawili, kipa wa timu inayoongoza anasogeza jiwe kwa kisigino kidogokidogo huku macho yako kwenye mpira kama hajui kitu, mpaka goli linabaki upana wa ndoo. Ndo hivohivo mnunuzi mliyekubaliana kiwango cha unyevu, mzigo ukishafika ghalani anataka kingine. Mwambie msemo huo huo, atajua umemshtukia.

Ngumi nazo rahisi. "Throw in the towel" ni watu wa kona ya bondia kurusha taulo, yaani kusalimu amri. "Below the belt" ni ngumi ya chini ya mkanda, faulo, kwa hiyo hata maneno ya kuonea wanayaita hivo. "Saved by the bell" ni kengele ya raundi kukukuta unachezea kichapo, na ile stori ya mtandaoni ya watu waliozikwa na kengele kaburini achana nayo, msemo ni wa ulingoni.

Kazi ipo kwenye besiboli ya Wamarekani, hapo kichwa cha soka hakikusaidii kabisa. "Step up to the plate" nimeona watu wanatafsiri sahani, wakati ile ni kibao cheupe cha mpira chenye pembe tano kimelazwa chini, mpigaji anasimama pembeni yake kusubiri arushiwe, kwa hiyo maana yake jitokeze ubebe jukumu. "Touch base", mkimbiaji lazima aguse kila besi (vile vituo vya uwanjani) anayopita, basi mtu akikuandikia hivo anataka muwasiliane kidogo tu mjue mmefikia wapi, usikeshe unamwandalia ripoti. Af "ballpark figure", hii ndo ya kushika kuliko zote. Ballpark ni uwanja wenyewe wa besiboli, anachotaka ni makadirio, namba ambayo haijatoka nje ya uwanja. Sasa sisi bei ya korosho ghafi inajulikana mnadani, pale kwenye vyama vikuu vya ushirika, TANECU au MAMCU, wakulima wakishakubali, kabla ya hapo mpe kuanzia hapa mpaka pale na uandike wazi kwamba sio bei ya mwisho, maana ukimtumia proforma (ankara ya awali) ushajifunga.

Wahindi ni kriketi. "On the back foot" ni mpigaji kurudisha uzito mguu wa nyuma ajilinde, yaani umebanwa unajihami. "Sticky wicket" ni ya zamani viwanja vilipokuwa havifunikwi, mvua inanyesha, jua linaanza kukausha, mpira ukidunda pale unaenda usikotegemea, basi ndo hali ngumu. Na hetitriki tunayoishangilia uwanja wa Nangwanda Sijaona imetoka hukohuko, mwaka 1858 kule Sheffield, Uingereza, H. H. Stephenson aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo, watu wakachanga hela wakamnunulia kofia. Mguse Mhindi wako na hiyo mwanzo wa simu uone maongezi yanavyolainika.

Ila usiimwage kila mahali. Kwenye mkataba hapana kabisa. Na mnunuzi wa Vietnam Kiingereza kwake ni cha kujifunza kama kwetu, yeye muandikie tani ngapi, unyevu asilimia ngapi, kontena zinapakiwa bandarini tarehe gani.