Nesi akicheza muziki sina neno, akimweka mgonjwa kwenye stetasi ninalo

Mhariri, wiki hii mmeuliza hivi: daktari au nesi akiposti kitu kwenye ukurasa wake binafsi, je, ni haki kimharibie jina kazini? Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi na swali hili limenikaa kooni muda mrefu, kwa hiyo mtanivumilia nitaandika kirefu. Naona watu wengi wanaangalia pasipo. Wanaangalia nguo, pombe, muziki, nani kaonekana na nani. Mimi naangalia kitu kimoja tu, mgonjwa yumo kwenye hiyo posti au hayumo. Kama hayumo mwacheni mtu na maisha yake. Kama yumo, hata kwa mbali, hata bila jina, hapo ndipo jina la mtu linaanza kuharibika, na haliharibiki peke yake, linaondoka na la wenzake wote wanaovaa sare kama yake.

Hilo la nguo nilimalize mapema. Kuna utafiti ulichapwa na jarida moja la upasuaji wa mishipa ya damu kule Marekani, toleo la 2020. Watafiti walichukua madaktari vijana 480 wa fani hiyo, wakakuta 235 wana kurasa zinazoonekana na kila mtu, wakafungua akaunti zisizo na majina yao na kuanza kupekua picha za wenzao. Waliovaa bikini wakawekewa alama, walioshika glasi ya pombe wakawekewa alama, hata waliosema msimamo wao kuhusu bunduki au utoaji mimba. Julai mwaka huo madaktari wanawake wakachachamaa, wakajaza mitandao picha zao za ufukweni kwa hashitegi ya MedBikini, na mwisho utafiti ukaondolewa na wahariri wakaomba radhi. Na mimi nasema walistahili kuomba. Daktari aliyeenda kuogelea siku yake ya mapumziko hajamkosea mgonjwa yeyote, na mnaona wenyewe kwamba hiyo mizani ya heshima siku zote inawaelemea wanawake, mwanaume akiwa kifua wazi ufukweni hakuna anayeuliza kama atashika kisu vizuri.

Sasa njoo kwenye kitu chenyewe.

Mwenzangu mmoja wa kazini, mchapakazi kweli, yule ambaye zamu ya usiku ikizidiwa unaomba Mungu uwe naye, alikuwa na kawaida ya kumalizia hasira zake kwenye stetasi ya WhatsApp. Usiku mmoja akaandika: "Kuna watu wanapiga kelele utadhani wao ndio wa kwanza kuzaa duniani, Mungu nipe uvumilivu", na vikatuni vya kucheka mbele yake. Hakutaja jina wala kitanda. Ila namba yake akina mama kadhaa wanayo, aliwapa mwenyewe kwa wema wake, ili mshono ukiuma au kitovu cha mtoto kikitoa usaha wampigie wasikae nyumbani kuteseka. Basi siku chache baadaye mama mmoja kaja kuangaliwa mshono, kamwona yule nesi anavaa glavu, akasema naomba niangaliwe na mtu mwingine. Nikamchukua mimi. Nilipovuta pazia akatoa simu yake, akafungua skrinshoti, akanisogezea karibu na uso akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, huyu ni mimi?"

Hakuwa yeye. Yeye alijifungua usiku mwingine kabisa, na mwenzangu siku hiyo hata zamuni hakuwepo. Nikamwambia hivyo, nikidhani nimemtuliza. Akaifunga simu akasema, "Basi mimi aliniandika lini?"

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo ukiniuliza posti inaharibuje jina la mtu nitakutajia swali la yule mama kabla ya sheria yoyote. Sisi tunajipa moyo kwamba sijataja jina kwa hiyo hakuna niliyemsema, kumbe usipotaja jina ndiyo umewasema wote. Kila aliyepita mikononi mwako wiki ile anajitafuta mle ndani. Alilia? Alitukana? Alijisaidia kitandani wakati wa uchungu, maana hilo hutokea kwa wengi na ni jambo la kawaida kabisa kwetu lakini kwake ni aibu ambayo hajamwambia hata mume wake? Anaanza kufikiria ulikuwa unamcheka moyoni wakati unamfuta.

Na kuna wakati mtu anajulikana kabisa bila jina. Mwaka 2011 jimbo la Rhode Island, Marekani, daktari wa chumba cha dharura alipewa karipio na bodi ya leseni na faini ya dola 500 kwa sababu ya alichoandika Facebook. Jina hakuandika. Ila maelezo ya jeraha yalitosha, watu wa pale wakajua ni nani. Ndivyo ilivyo, eneo likiwa dogo au ajali ikiwa ya ajabu, ukiandika tu saa na aina ya jeraha umeshamaliza. Na usisahau posti yenyewe ina saa, na wenzako wanajua ulikuwa zamu gani, na ndugu wa mgonjwa wanajua walimleta saa ngapi.

Picha ndiyo mbaya zaidi kwa sababu aliyepiga anajiangalia yeye. Intani kapata sare mpya, kafurahi, na ana haki ya kufurahi, anapiga selfi kwenye dawati la manesi. Yeye anaona tabasamu lake. Mimi naona nyuma yake ubao wa wodi, majina, namba za vitanda, na mbele ya jina moja kuna alama ambayo mtu yeyote wa afya anajua maana yake. Mara kwenye kona kuna faili liko wazi, mara picha ya eksirei ina jina pale juu kwa maandishi madogo, unakuza kwa vidole viwili tu unasoma. Huyu mtoto hana nia mbaya hata chembe! Ndiyo maana nasema kabla ya kumwambia mwanafunzi asiposti, mfundisheni kuangalia nyuma ya kichwa chake.

Mwishoni mwa 2022 kule Atlanta, Marekani, manesi wa wodi ya uzazi walijirekodi TikTok, kila mmoja anataja kinachomkera kwa wazazi na familia zao. Hakuna mgonjwa aliyeonekana, hakuna siri iliyotoka. Lakini video ilisambaa na hospitali ikatoka kusema hao si wafanyakazi wake tena. Kuna watu waliwatetea, wakasema wamechoka, huo ni utani wa kazini. Kuchoka nakujua, nimechoka miaka mingi. Lakini mama mwenye mimba ya miezi minane anayeangalia ile video hajui utani wetu, yeye anaona watu ambao wiki nne zijazo atawavulia nguo.

Mtaniuliza sasa tukapumulie wapi, tuzungumze wapi, na hilo ni swali la haki, kwa sababu kazi hii inajaza mtu vitu ambavyo huwezi kwenda kulala navyo. Kuna usiku unampoteza mama na asubuhi watu wanataka ripoti ya kontena za pamba. Mimi nasema zungumza, lia kabisa, ila mdomo kwa sikio, kwenye chumba cha chai na mlango umefungwa, au na mkuu wa zamu ambaye anajua kusikiliza, na hospitali zisizo na nafasi kama hiyo zinawasukuma watu wao kwenye simu halafu zinawaadhibu. Kwenye grupu usijidanganye. Grupu la watu mia mbili si faragha, hata la watu watano si faragha, skrinshoti ni vidole viwili.

Na hapa kuna jambo lazima niliseme maana upande wa pili, wa wakubwa, nao una dhambi zake. Dokta Li Wenliang, yule daktari wa macho kule Wuhan, China, tarehe 30 Desemba 2019 aliwaandikia wenzake aliosoma nao, kwenye grupu la WeChat, kwamba kuna wagonjwa wana kitu kinachofanana na SARS, ule ugonjwa hatari wa mapafu, wajihadhari. Ujumbe ukavuja. Tarehe 3 Januari 2020 polisi wakamsainisha karipio kwamba anasambaza uvumi, Februari 7 akafa kwa ugonjwa ule ule aliouonya, korona, na Machi karipio likafutwa familia ikaombwa radhi. Kwa hiyo wakubwa wanapokuja na neno "unachafua taaluma" mimi huuliza kwanza, nani kachafuliwa, mgonjwa au ofisi? Nesi anayesema glavu zimeisha hajavunja siri ya mtu yeyote. Msimchanganye na anayemcheka mama anayejifungua, hata kama wote wawili wameandika kwenye simu zao.

Kipo kitu kingine watu hawakiangalii sana lakini mimi kinaniuma, koti jeupe kutumika kama bango. Mtu anaandika "ukurasa wangu binafsi, maoni ni yangu", halafu picha ya profaili kavaa stethoskopu shingoni na anauza dawa za kupunguza tumbo, au anawaambia watu chanjo ni njama. Kama maoni ni yako, mbona umevaa kazi yetu ndio uyaseme? Watu hawamwamini yeye, wanaliamini koti, na koti lile limepata heshima kwa sababu ya waliokesha na wagonjwa kabla yetu. Mwaka 2021 shirikisho la bodi za madaktari Marekani lilitoa onyo kwamba daktari anayesambaza uongo kuhusu chanjo za korona anahatarisha leseni yake, na mimi naliunga mkono mia kwa mia. Vivyo hivyo anayetukana dini au kabila la watu kwenye ukurasa wake Jumapili. Jumatatu mtu wa dini hiyo analetwa hajitambui, ndugu zake wamesoma. Watakuamini na sindano?

Wapo waliopotelea kwenye umaarufu kabisa. Ohio, Marekani, Julai 2023, bodi ya madaktari ilimfutia leseni moja kwa moja daktari wa upasuaji wa urembo aliyekuwa anarusha oparesheni laivu TikTok, wagonjwa walipata madhara, na mtu unajiuliza anaongea na kamera na kujibu maswali ya watazamaji huku mikono iko ndani ya mtu, macho yake yalikuwa wapi. Hilo halihitaji mjadala.

Kuhusu kuomba urafiki, maana mgonjwa akipona anakutafuta Facebook na ukimkatalia unaonekana una majivuno. Mwongozo wa baraza la madaktari la Uingereza wa 2013 ulisema wazi, mgonjwa akikuandikia mambo ya matibabu kwenye akaunti yako binafsi mwambie huwezi kuchanganya urafiki na tiba, umwelekeze sehemu ya kazi. Mimi nafanya hivyo, namjibu kwa upole, namwambia mama njoo kliniki au piga namba ya wodi, na sijawahi kuona aliyenuna akielezwa vizuri. Namba ya wodi ina faida nyingine pia, haina stetasi.

Kwa hiyo waajiri wasikae kupekua kurasa za watu kutafuta nani kanywa bia. Andikeni sheria fupi inayoeleweka kuhusu mgonjwa, siyo kurasa ishirini za "maadili" ambazo hakuna aliyezisoma mpaka siku ya kufukuzwa. Azimio la Geneva, lile la chama cha madaktari duniani la 1948, lilishasema daktari ataheshimu siri alizoaminiwa, na 1968 wakaongeza kwamba hata mgonjwa akishakufa. Hakuna mahali walipoandika isipokuwa kwenye simu binafsi. Na aliyekosea asikimbilie kufuta halafu akae kimya, maana akifuta yeye waliopiga skrinshoti hawajafuta, aende kwa mkuu wake siku hiyo hiyo aseme nimeposti hiki, na mgonjwa aambiwe na kuombwa radhi uso kwa uso. Mwenzangu alifanya hivyo baada ya mimi kumweleza, alikwenda kwa yule mama mwenyewe. Mama alimsikiliza, akasema amesamehe, ila mtoto wa pili alienda kumzalia hospitali nyingine.

Na nyinyi wasomaji ambao ni wagonjwa, najua mtauliza kama yanawahusu. Ukikuta posti ya mtu wa afya inamdhalilisha mgonjwa, chukua skrinshoti, andika tarehe na saa, peleka kwa mkuu wa wodi au ofisi ya malalamiko, wasipofanya kitu nenda baraza la taaluma yake, wanapokea malalamiko ya mtu wa kawaida. Lakini tafadhali usiisambaze, hata kama una hasira, hata kama nia yako ni huyo nesi aaibike. Yule mama aliyechekwa yumo mle ndani ya skrinshoti, na kila unapoituma kwenye grupu lingine unamvua nguo tena mbele ya watu wapya.