Siku mbili, shoga yangu na pasi ya kibindoni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, siku mbili za mwisho wa juma zinatosha kuijua nchi ya watu?" Nilitaka kujibu kwa neno moja, hazitoshi, nirudi kwenye sufuria yangu. Nina mwaka wa saba hapa Ujerumani na jirani wa ghorofa ya chini bado sijamjua. Atakayeniambia ameijua Luxembourg kwa Jumamosi na Jumapili, nitamwambia amejipiga picha tu.

Ila swali limenigusa pengine. Mwezi wa tano alinitembelea shoga yangu wa Tanga, tuliyeanza naye darasa la kwanza, na safari ya Luxembourg ilikuwa yake. Mimi nilikuwa nimetoka zamu za usiku, nikitaka kulala.

Nchi yenyewe ni kilomita za mraba 2,586, karibu sawa na Unguja na Pemba ukiziweka pamoja. Jumamosi tukaumaliza mji mkuu. Tangu 2020 mabasi, tramu na treni ndani ya nchi ile ni bure, mwenyeji na mgeni sawasawa, isipokuwa ukitaka daraja la kwanza la treni. Shoga yangu alipanda basi na sarafu kiganjani, vituo vitatu mfululizo anageuka nyuma kumtafuta konda. Tukaingia mahandaki ya Bock, yaliyochimbwa ndani ya mwamba enzi mji ule ulipokuwa ngome, tukashuka bondeni kwa ile lifti ya kioo ya Pfaffenthal, mita 71, nayo bure. Mazuri yote hayo, lakini unaweza kuyaona kwenye simu. Hoteli za mjini zilitushinda bei, tukarudi kulala Trier, upande wa Ujerumani.

Jumapili akasema anataka kuiona Schengen.

Wasomaji wenzangu mnalijua neno hilo. Yeye alilipata limebandikwa kwenye pasi, kwenye viza ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, baada ya kupanda basi la Tanga kwenda Dar mara tatu. Ombi la kwanza lilikataliwa, euro 90 zikaenda zake. La pili likaja na taarifa ya benki, barua yangu ya mwaliko, bima ya matibabu ya kulipia hadi euro 30,000. Usiku wa Jumamosi nilikuwa nimemwambia Schengen ni kijiji, kina mizabibu, tena si mbali. Aliniangalia kama ninayemtania.

Asubuhi nikamshauri aache pasi hotelini isije ikapotea. "Huku hakuna mipaka," nikasema, kwa sauti ya mwenyeji. Hakunijibu. Aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaisokomeza kibindoni.

Treni ya Trier inakufikisha Perl, ambayo bado ni Ujerumani. Unavuka daraja la mto Mosel kwa miguu na tayari uko Schengen. Nikamwonyesha ukingo ule ambako tarehe 14 Juni 1985 wajumbe wa nchi tano walitia saini mkataba wao wa kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi kwenye mipaka kati yao, ndani ya meli, Princesse Marie-Astrid. Akatazama mto, akatazama mizabibu.

"Mpaka wenyewe uko wapi?"

Nikamwambia ameshauvuka. Nikataka kumwonyesha mstari, nikashindwa, maana mto ule unamilikiwa na nchi zote mbili kwa pamoja. Akacheka kwa dharau. Shoga yangu anauza kanga Tanga na Mombasa. Mpaka anaoujua ni Horohoro, na foleni ya malori na vijana wa kubadilisha shilingi wanaokukimbilia kabla hujashuka. Alichangamka tulipofika kwenye vituo vya mafuta. Kodi ya mafuta Luxembourg ni nafuu, basi Wajerumani na Wafaransa wanavuka kujaza matangi. "Hapa sasa napajua," akasema. "Watu wanafuata bei."

Tulirudi darajani alasiri. Upande wa Perl walisimama askari wawili na gari lao. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024; habari hiyo niliisoma, nikaisahau. Mbele yetu walipita wazee wawili na baiskeli, wakapungiwa mkono. Sisi tukasimamishwa.

Shoga yangu akageukia ukuta wa daraja, akaingiza mkono ndani ya baibui, akahangaika kidogo, akaitoa pasi kwenye nailoni yake, ina joto la mwili. Askari akafunua, akaitazama viza, akamrudishia na asante. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

Kadi yangu ya ukaazi ilikuwa kwenye mkoba mwingine, Trier.

Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Anwani. Mwenzake akaenda garini kuongea na redio. Robo saa nzima nimesimama, magari yanapunguza mwendo ili watu watazame. Shoga yangu akafungua begi na kunong'ona, "Niwape visheti? Wana njaa hawa." Nikamwambia aviache, itaonekana rushwa. Akavila mwenyewe, kimoja kimoja, bila haraka. Hatimaye askari akaniruhusu, kwa upole kabisa, akinikumbusha kwamba anayevuka mpaka abebe hati zake.

Kwenye treni tulikaa kimya hadi karibu na Trier. Kisha akanigonga kiwiko: "Mwenyeji wangu!" Tukacheka hadi abiria wakageuka.

Sasa, mhariri, nilianza na hazitoshi. Ninavyoandika nagundua kwamba miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu wa nyumbani huku hakuna mipaka, na yeye aliyekuja kwa siku chache hakuniamini hata kidogo. Kwa hiyo jibu langu limegeuka: zinatosha, lakini kwa nchi ndogo kama ile, na ukifuatana na mtu asiyeona haya kuuliza. Kwa Ufaransa sisemi. Na kama mnaniuliza iwapo naijua Luxembourg, hapana, siijui, maana robo saa ninayoikumbuka kuliko zote niliipitisha upande wa Ujerumani. Tena peke yangu nisingetoka kitandani.

Kadi siku hizi naibeba hata nikishuka kutupa taka.