Ampuli za bei ya chini zimenikulia pesa: vitu naangaliaka sasa mbele ya kununua

Pale kwetu Ndosho, hapa Goma, niko na taa saba, saluni, jikoni, vyumba vitatu, duche na ile ya nje kwenye mulango. Kwa mwaka mzima hakuna wiki tatu zilipita bila moja kufa. Nilikuwaka nanunua zile ampuli za LED za 2.000 francs za soko la Birere, boksi yake imeandikwa masaa 30.000, muuzaji ananiambia "mama, hii iko fort kabisa", nami naamini juu ya mfuko wangu nayo inataka niamini.

Siku moja nikachukua markeri nikaanza kuandika tarehe kwenye ile sehemu nyeupe ya ampuli kila nikiweka mpya. Fanyeni hivyo, ni kitu kidogo lakini kilinifungua macho. Ya saluni ilikaa siku 35. Tunawasha kama masaa matano kwa siku, hesabu ni masaa 175. Ingeendelea hivyo, mwaka ungetaka ampuli kumi za hapo pahali pamoja tu, ni 20.000 francs. Nikanunua moja ya 8.000 na roho inaniuma, nikaandika tarehe, sasa iko na miezi 19 na bado inawaka. Boksi yake haikujisifu sana, iliandika masaa 15.000 tu. Kwa masaa matano kwa siku hiyo ingekuwa miaka nane, na sijui kama itafika, lakini imekwisha kulipa pesa yake.

Nilitaka kujua kwa nini zinakufa, basi nikapelekea papa mmoja elektrisiye zile nne nilikuwa nimetunza ndani ya ndoo, akazifungua mbele yangu. Ndani ya LED kuna vidoti vya rangi ya njano vimepangwa kwenye kibati, na nyuma kuna kaplaketi kadogo kenye kubadilisha umeme wa volti 220 uwe ule vidoti vinaweza. Tatu zilikuwa na kidoti kimoja cheusi katikati, kimeungua. Akanieleza vile vimefungwa mustari, umeme unapita kwa huyu ndio ufike kwa yule, kwa hiyo kimoja kikikatika zote zinazimika, na vingine vyote bado ni vizima! Ya nne ilikuwa na kapipa kadogo kamevimba, kondansateri, hako hakapendi joto hata kidogo. Joto ndilo linauaka hizi ampuli. Nzuri iko na alumini ndani yenye kutoa joto nje, ya bei ya chini ni plastiki tupu, na tena wanasukumia vidoti umeme mwingi kuliko vinavyoweza ili ionekane inang'aa pale butiki. Ndiyo maana mimi sasa napimaka na mkono kwanza, yenye wepesi kama ganda la yai naiacha. Na usiifungie ndani ya globu ya kioo yenye haina hata tundu la hewa, hata ile nzuri utaiua.

Kingine ni kusoma boksi. Watu wengi tunaangaliaka wati tu, kumbe wati ni ile inakula, mwangaza unaandikwa kwa lumeni. Ile ampuli ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa kama lumeni 800, na LED nzuri ya wati 8 au 9 inatoa hizo hizo. Sasa ukikuta imeandikwa wati 9 na lumeni 2000, hapo wanakudanganya, maana hizi za nyumbani kwa kawaida ni kama lumeni 80 mpaka 100 kwa wati moja. Na yenye haikuandika lumeni popote, mimi siichukui. Kwenye kesh pawa, ile konta ya umeme wa kulipia mbele, tofauti inaonekana: wati 60 masaa matano kila siku ni kilowati-saa 9 kwa mwezi, ya wati 9 haifiki hata moja na nusu.

Kitu kilinigusa zaidi ni binti yangu. Alikuwa anajitayarisha kwa egzeta, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kila usiku analalamika macho na kichwa, mimi nikadhani ni uchovu wa masomo. Kaka yake akaelekeza kamera ya simu kwenye ampuli ya chumba, tukaona mistari myeusi inatembea kwenye skrini. Ampuli ilikuwa inatetemeka haraka haraka bila jicho kuona, juu ya ile plaketi yake rahisi haitulizi umeme vizuri. Tulibadilisha ampuli, na malalamiko yakapungua sana wiki ile ile. Mimi si munganga, nasema tu nilichoona nyumbani. Tangu siku hiyo naomba waniwashie pale pale butiki, nachukua simu, naangalia, na kama muuzaji anakasirika naenda kwa mwingine.

Lakini niseme na haki, si kila mara kosa ni la ampuli. Jikoni zilikuwa zinakufa kupita vyumba vingine vyote, nikamgombeza kijana muuzaji mbele ya watu. Kumbe ni duyi, pale ampuli inafungwa, kile chuma cha katikati kilikuwa cheusi, hakishiki vizuri, kinatoa cheche. Duyi mpya ikamaliza neno. Nilirudi kwa yule kijana nikamuomba msamaha. Na tena delestaji, ile kukatakata umeme kwa zamu, umeme ukirudi unakujaka na nguvu ya ghafla, watoto wanapiga kelele "moto imerudi!" na pale ndipo ampuli inapiga "pa". Sasa umeme ukienda tunazima svichi zote, tunaacha moja tu ya saluni ya kutuonyesha, na ukirudi tunangoja kama dakika tano ndio tuwashe zingine.

Ukiona LED inaendelea kuwaka kidogo kidogo usiku na umeizima, mara nyingi svichi imewekwa kwenye waya wa netri, wenye kurudisha umeme, pahali pa fazi, wenye kuuleta. Usiizoee, maana siku utabadilisha ampuli umeme bado uko pale kwenye duyi na unaweza kukupiga. Ita elektrisiye.

Zile ampuli ekonomiki za kuviringika kama springi ya kitanda mimi nimeziacha. Ndani kuna zebaki, ni kidogo, lakini ikivunjika fungua madirisha, toa watoto, usiokote na mikono mitupu, kusanya na karatasi ngumu, weka kwa kopo yenye kufungika. Hata mkataba wa Minamata, ule wa dunia juu ya zebaki, kwenye mkutano wa 2022, uliamua hizo ndogo za nyumbani zisitengenezwe tena kupita 2025, basi stoki yenye bado iko sokoni kwetu wataiuza bei ya chini sana, na watu wenye mfuko mdogo ndio wataichukua.

Kwangu imebaki ya duche tu ya zamani. Kesho nashuka Birere na simu yangu na markeri.