Shelfu imedondoka na plasta yake, nifunge vipi?

Swali: Fundi habari, nimepanga Uyole, Mbeya, nyumba ya matofali ya kuchoma. Nilifungiwa shelfu ya jikoni kwa misumari ya zege, wiki mbili tu ikadondoka na plasta yake, sahani zikaisha zote. Hata mbao yenyewe ilishaanza kupinda. Nataka nyingine ya masufuria na unga, nitumie nini?

Jibu: Kamwene dada, pole sana na vyombo. Hapo shida ni msumari. Tofali la kuchoma ukiligonga msumari wa zege linapasuka kwa ndani, we huoni, plasta nayo inaachia, kwahiyo shelfu yako ilikuwa imeshikwa na plasta ya kama sentimita 2 tu, pale ingekaaje?

Tafuta mtu mwenye drili, atoboe na biti ya milimita 8, na umwambie kabisa azime ile nyundo ya drili (ile ya kugongagonga), tofali la kuchoma linataka kuzungushwa taratibu. Angalia vumbi: likitoka la kijivu bado uko kwenye plasta, likigeuka jekundu umefika kwenye tofali. Biti ikizama ghafla kama inaingia kwenye ugali, umeangukia kwenye maungio kati ya tofali na tofali, na nyumba nyingi za huku maungio ni udongo, hayashiki kitu, sogea juu sentimita 4 hivi utoboe upya. Fisha ya 8 (kile kiplastiki kinachoshika skrubu) isukume mpaka iingie yote ndani ya tofali, isiishie kwenye plasta, halafu skrubu ya inchi 3. Matundu ya zamani achana nayo, mambo ya kujazia njiti za kiberiti ndo yanayovunja vyombo vya watu. Na usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, waya unapita humo.

Braketi za L, upande mrefu ndo unakaa ukutani, maana mzigo ukikaa juu ya shelfu ile skrubu ya juu ndo inavutwa itoke, upande wa ukutani ukiwa mrefu inavutwa kidogo. Braketi hadi braketi sentimita 60, isizidi, na usawa upimwe kwa pima maji sio kwa macho.

Mbao chukua paina ya inchi moja kwa kumi, ile ya Mafinga inatosha kabisa, ila ikiwa nzito kuliko wenzake na ya baridi ukiishika hiyo bado mbichi, itapinda tu. Ilaze ndani juu ya vipande vya mbao hewa ipite chini, wiki tatu au nne, na kama ni kipindi cha mvua usiianike nje. Chipubodi (ile ya chenga za mbao zilizogandishwa) jikoni sikushauri, ikinyonya maji inavimba.

Unga wa kilo 25 uache chini kwenye ndoo yenye mfuniko. Juu weka masufuria, yale mazito yakae usawa wa braketi, sio katikati. Na mwenye nyumba mwambie kabla drili haijawashwa.